SIKU SABA ZA KWANZA: MHUDUMU WA AFYA YA JAMII NA HAKI YA MTOTO MCHANGA

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za haki na amani za parokia, Tunduma)



Mimi ni mkunga mstaafu. Katika miaka ya utumishi wangu nilipokea watoto wengi, na wengi wao leo ni watu wazima, wengine wameketi humu. Lakini sikuja kuzungumzia hao. Nimekuja kuzungumzia wale ambao hatukuwahi kuwahesabu.

Katika mtaa mmoja wa mji huu aliishi binti mwenye mimba ya kwanza. Alitoka mkoa mwingine kumfuata mumewe, utingo wa malori yanayovuka kwenda Zambia. Walipanga chumba kimoja. Mama yake mzazi alikuwa mbali, na mama mkwe alikuwa hajamwona bado. Binti huyo alihudhuria kliniki, akajifungulia kituoni kama alivyofundishwa, na jioni ya siku hiyohiyo akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na mtoto wa kiume mwenye afya. Siku ya tatu mtoto alianza kunyonya kwa shida. Jirani akasema, "Amechoka kulia, mwache alale." Jirani wa pili akaleta maji ya uvuguvugu yenye sukari. Siku ya nne mtoto akawa wa baridi, wala hakulia tena. Mume alikuwa safarini, na binti hakuwa na nauli ya bodaboda. Sisi wa jumuiya tulifika siku ya sita, tukiwa na unga na sabuni za kumpongeza mzazi. Tulikuta mtoto amekwisha kuzikwa.

Ndugu zangu, katika nyumba ile hakuna aliyekosa upendo. Jirani wa kwanza alimpenda yule binti, na wa pili pia. Kilichokosekana ni maarifa, nauli, na mtu wa kubisha hodi siku ya tatu. Mambo haya matatu ndiyo nitakayozungumza leo. Nitafuata njia mliyoizoea katika kamati zenu: kwanza tuone, kisha tupime, halafu tutende.

1. TUONE HALI ILIVYO

Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, ulipomegwa kutoka mkoa wa Mbeya. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa una watu zaidi ya 1,300,000, na katika mji wa Tunduma peke yake wapo zaidi ya 200,000. Ni mkoa mmoja wenye nchi za namna nyingi. Huko Mbozi na katika milima ya Ileje kuna baridi kali ya usiku, ambayo mtoto mchanga hawezi kuivumilia. Huko Momba, kwenye bonde linaloshuka kuelekea Ziwa Rukwa, kuna joto, mbu na njia zinazokatika wakati wa masika. Na hapa Tunduma kuna barabara kuu, reli ya TAZARA, soko na mpaka. Watu huja na kuondoka. Kijijini, mama mjamzito anajulikana na ukoo mzima. Mjini anaweza kubeba mimba miezi tisa, nyumba ya tatu kutoka kwetu, bila mtu yeyote wa jumuiya kujua jina lake.

Tutazame pia hali ya Taifa. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulikadiria kwamba katika kila vizazi hai 100,000 walifariki akina mama 556. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Ni hatua kubwa, na tunapaswa kumshukuru Mungu na kuwashukuru wote walioifanyia kazi. Akina mama wanaojifungulia vituoni waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81 kati ya tafiti hizo mbili.

Lakini sikilizeni habari ya watoto wachanga. Katika utafiti wa 2015/16, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 25 walifariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Katika utafiti wa 2022 walifariki 24. Nawaomba mzirudie tarakimu hizi mbili mkifika nyumbani: 25 na 24. Akina mama wamevuka, na watoto wamebaki ng'ambo. Na kama ilivyo duniani kote, sehemu kubwa ya vifo hivi, yapata robo tatu, hutokea katika wiki ya kwanza. Ndiyo maana mada yangu inaitwa siku saba za kwanza.

Watoto hawa hufa kwa sababu gani? Sababu kubwa ni tatu. Ya kwanza ni kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Ya pili ni kushindwa kupumua mara baada ya kuzaliwa. Ya tatu ni maambukizo, yaani vijidudu vinavyoingia kwenye damu, mapafu au kitovu. Sababu zote tatu zina tiba inayojulikana, na sehemu kubwa ya tiba hiyo si ya gharama kubwa. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo huhitaji kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Huduma hiyo, tunayoiita huduma ya kangaroo, ilianzishwa mjini Bogotá, Colombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyopungukiwa vifaa vya kuwapa watoto joto.

Wataalamu wametufundisha tangu mwaka 1994 kwamba kifo cha uzazi hutanguliwa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mtoto wa yule binti alikutwa na ule wa kwanza na wa pili. Wapo watoto wengi wanaokutwa na ule wa tatu, nao tutawarudia.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu kulisema. Mahali pengi katika nchi yetu mtoto akifa kabla ya kitovu kuanguka huzikwa kimya, na wanawake wachache, bila matanga na mara nyingine bila jina. Mama huambiwa asilie sana, kwa kuwa atapata mwingine. Nia ya desturi hiyo ni kumfariji. Matokeo yake ni kwamba kifo hicho hakiandikwi kijijini, hakisikiki kituoni, wala hakitajwi katika jumuiya. Na jambo lisilohesabiwa halipangiwi bajeti.

2. TUPIME: JE, MAFUNZO YANATOSHA?

Si mara ya kwanza kwa nchi yetu kumtegemea mtu wa kijijini katika mambo ya afya. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubaliana juu ya afya ya msingi kwa watu wote. Katika miaka iliyofuata Tanzania iliwafundisha wahudumu wa afya vijijini, nao wakunga wa jadi wakapewa semina na vifaa. Wazee mliomo humu mnawakumbuka. Wengi walianza kwa moyo. Baadaye dawa katika masanduku yao ziliisha, na kijiji kilichoahidi kuwatunza hakikuwatunza, wakarudi mashambani. Wakunga wa jadi walijifunza usafi na walijitahidi. Lakini mama alipovuja damu nyingi au mtoto alipokwama, mkunga aliyefunzwa na asiyefunzwa walikuwa na jambo moja tu la kufanya: kutafuta usafiri ambao haukuwapo.

Nawaombeni sasa tuwe wakweli, maana haki haijengwi juu ya matumaini matupu. Kati ya mwaka 2010 na 2013 Taasisi ya Afya ya Ifakara na washirika wake walifanya kazi kubwa katika wilaya sita za mikoa ya Lindi na Mtwara, iliyojulikana kwa jina la Mtunze Mtoto Mchanga. Wanavijiji wa kujitolea walifundishwa kumtembelea mama wakati wa ujauzito na katika siku za kwanza baada ya kujifungua. Walikwenda. Akina mama waliwapokea. Akina mama wengi zaidi waliwapa watoto maziwa ya mama peke yake katika siku tatu za mwanzo. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kuwa vifo vya watoto wachanga havikupungua.

Mtu anaweza kusema, "Basi tuache." Hapana. Tuulize kwa nini. Watafiti wenyewe walielekeza kidole kwenye ubora wa huduma vituoni. Mama alishawishiwa aende kituoni, akaenda. Lakini ushauri mwema wa nyumbani haukukutana na mikono iliyo tayari. Mnalijua daraja la Mto Momba, linalounganisha Kamsamba na Kilyamatundu mkoani Rukwa. Daraja lile lina maana kwa sababu kila upande ipo njia. Mhudumu wa afya ya jamii ni daraja la namna hiyo. Upande mmoja ni nyumba, upande wa pili ni kituo cha tiba. Tukijenga daraja tu na kuuacha upande mmoja bila njia, tumemchosha mpita njia bure.

Ipo mifano ya mahali ambapo kazi hii ilizaa matunda. Huko Gadchiroli nchini India, madaktari wawili, mume na mke, Abhay na Rani Bang, waliwafundisha wanawake wa vijiji 39 kuanzia mwaka 1995. Wanawake hao hawakufundishwa kushauri tu. Walifundishwa kupima uzito, kuhesabu pumzi, kumsaidia mtoto aliyeshindwa kupumua, na kumchoma sindano ya dawa mtoto mwenye maambukizo pale wazazi walipokuwa hawawezi kwenda hospitali. Tena walisimamiwa mara kwa mara. Katika mwaka wa tatu vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimepungua kwa asilimia 62 ikilinganishwa na vijiji vingine. Katika wilaya ya Makwanpur, Nepal, kazi ilifanywa na vikundi vya wanawake waliokutana kila mwezi, wakaorodhesha matatizo yao ya uzazi na kuyatafutia njia wao wenyewe. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kuwa vifo vya watoto wachanga katika maeneo hayo vilikuwa pungufu kwa asilimia 30. Wanawake wanaokutana na kujadili maisha yao! Je, hicho si kitu ambacho jumuiya zetu wanacho tayari, kila wiki?

Na upande wa pili wa daraja? Hapa kwetu Tanzania, katika hospitali nane, wakunga walifundishwa kumsaidia mtoto asiyepumua katika dakika ya kwanza, kwa kumkausha, kumsisimua na kumpulizia hewa kwa mfuko na kifuniko cha uso. Taarifa ya mwaka 2013 ilionyesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mfuko ule si mashine ya ajabu. Hauhitaji umeme. Unahitaji kuwapo, kuwa safi, na kushikwa na mtu aliyeujaribu mara nyingi kabla ya siku ya hatari.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mafunzo ni ya lazima, lakini mafunzo peke yake hayatoshi. Mhudumu huokoa maisha pale anapopewa mambo manne kwa pamoja: ujuzi wa mikono, msimamizi, njia ya kumpeleka mgonjwa, na kituo kinachompokea huyo mgonjwa. Likikosekana mojawapo, tunamtuma mtu kubeba lawama ambazo si zake.

Maandiko Matakatifu yanatupa vielelezo viwili. Katika kitabu cha Kutoka tunasoma habari za wakunga Shifra na Pua, waliokataa amri ya mfalme wa Misri ya kuwaua watoto wa kiume. Angalieni: majina ya wakunga wale yameandikwa, jina la mfalme halikutajwa. Katika Injili ya Luka tunamwona Mama Maria, mara baada ya kupashwa habari, akifunga safari kwenda nchi ya milima kwa Elizabeti aliyekuwa na mimba ya miezi sita, akakaa naye yapata miezi mitatu. Hakupeleka salamu kwa mkono wa mtu. Alikwenda mwenyewe, tena alikaa.

3. TUTENDE

Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kupata wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamume na mwanamke. Mafunzo yao ni ya miezi sita, darasani na kwa vitendo. Huu ni mlango uliofunguliwa. Kazi yetu si kuanzisha mpango mwingine wa kanisa unaoshindana na huo. Kazi yetu ni kuhakikisha unafika kwa mama wa mwisho, na kwamba anayechaguliwa anasaidiwa. Napendekeza mambo sita.

Kwanza, tuchague vizuri. Mhudumu asichaguliwe kwa kuwa ni ndugu wa kiongozi au kwa kuwa hana kazi nyingine. Achaguliwe mtu ambaye akina mama wanaweza kumfungulia mlango usiku. Awe anaishi palepale, anajua kusoma na kuandika, na anatunza siri. Katika vijiji vya Wanyiha, Wanyamwanga na Wandali, anayezungumza na bibi wa nyumba kwa lugha yake amekwisha kufika nusu ya safari. Hili la siri nalitilia mkazo kwa ajili ya mji huu wa mpakani. Mama anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI anaweza kumzaa mtoto asiye na maambukizo, mradi aendelee na dawa na mtoto apewe dawa zake na apimwe kwa wakati. Mama huyo akisikia habari zake zikitajwa sokoni, hatarudi tena kliniki, na atakayelipa ni mtoto.

Pili, tujue mhudumu anafundishwa nini, ili tumdai hicho na tusimdai kisichokuwa chake. Yeye si daktari wala mkunga, wala hazalishi. Kazi yake ni kumtambua mjamzito mapema na kumhimiza aanze kliniki kabla ya wiki 12. Humsaidia kupanga mahali pa kujifungulia, nauli na mtu wa kubaki na watoto. Humwonya dhidi ya dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu, zinazoweza kupasua mji wa mimba. Humfundisha dalili za hatari: kutokwa damu, maumivu makali ya kichwa na macho kuona maruweruwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa, maji kutoka kabla ya uchungu, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Baada ya kujifungua, mhudumu anapaswa kufika nyumbani siku ya kwanza, siku ya tatu na siku ya saba. Mtoto aliyezaliwa mdogo atembelewe zaidi ya hapo.

Dalili za hatari za mtoto mchanga nawaomba tuzishike sote, hata tusiokuwa wahudumu. Mtoto haendelei kunyonya kama mwanzo. Ana degedege. Anapumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Ana joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au amekuwa wa baridi, chini ya nyuzi 35.5. Amelegea, hajongei mpaka aguswe. Nyayo zake zimekuwa za njano. Kitovu ni chekundu au kinatoa usaha. Dalili moja tu kati ya hizi inatosha kuondoka nyumbani sasa hivi, si kesho asubuhi. Mtoto mchanga anayeacha kunyonya hajachoka kulia. Anaumwa.

Tatu, tuandae njia. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina mfumo wa usafiri wa dharura unaoitwa m-mama. Mtu hupiga namba 115 bila malipo. Anayepokea huuliza hali ya mgonjwa, kisha huita gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyeandikishwa, ambaye hulipwa na mfumo wenyewe. Ni kwa ajili ya mama mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Namba hiyo iandikwe kwenye mlango wa kila kigango, na kila jumuiya ijue nani mwenye simu na nani mwenye chombo cha moto. Mahali ambapo mtandao haufiki, jumuiya iweke mfuko mdogo wa dharura ambao mhudumu anaweza kuufungua usiku bila kuitisha kikao.

Nne, tumtunze mhudumu na kumsimamia. Tusirudie makosa ya zamani. Mtu aliyefundishwa akaachwa mwaka mzima bila kutembelewa husahau kuhesabu pumzi, na huona aibu kusema kwamba amesahau. Muuguzi wa zahanati akutane naye kila mwezi, apitie daftari lake, amrudishie ujuzi kwa mazoezi mafupi. Posho aliyoahidiwa ikichelewa, viongozi waulize kwa utaratibu, wala wasimwambie tu kwamba atalipwa mbinguni. Mfanyakazi anastahili ujira wake, na kujitolea kusikokuwa na mwisho ni mzigo ambao mara nyingi tunawatwisha wanawake.

Tano, tusimame upande wa pili wa daraja. Sera ya Taifa ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano hutolewa bila malipo. Inapotokea mama akaambiwa aje na vifaa ambavyo kituo kilipaswa kuwa navyo, hilo si jambo la kunung'unikia njiani. Zahanati na vituo vya afya vina kamati ambamo wananchi wana wawakilishi. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana angalau kila miezi mitatu. Mwulizeni mwakilishi wenu maswali yanayojibika: Je, mfuko wa kumpulizia mtoto hewa upo chumba cha kujifungulia? Mara ya mwisho wakunga wameufanyia mazoezi lini? Je, mama hukaa kituoni saa 24 baada ya kujifungua, au huondoka kwa sababu hakuna kitanda? Je, ipo sehemu ya mama kumbeba mtoto mdogo kifuani? Ulizeni kwa heshima. Wauguzi ni ndugu zetu, na mara nyingi mmoja hufanya kazi ya watatu. Nilikuwa mmoja wao. Nakiri mbele yenu kwamba zipo siku nilimjibu mama kwa ukali kwa sababu ya uchovu, na mama aliyejibiwa hivyo huenda mimba iliyofuata hakurudi. Kudai haki ya mama na kudai mkunga wa pili katika zamu ya usiku ni dai lilelile.

Sita, tuwahesabu. Kila jumuiya iwe na orodha ya akina mama wajawazito waliokubali kuandikwa, pamoja na wapangaji na wageni, awe wa dini yetu au siyo. Kila mtoto anayezaliwa aandikwe. Kila mtoto anayekufa, hata akiwa na saa moja, apewe jina, aombewe, azikwe kwa heshima, na habari yake ifikishwe kwa mhudumu na kituoni. Hospitali na vituo vina vikao vya kujadili vifo vya akina mama na watoto wachanga. Lengo lake ni kujifunza, si kumtafuta wa kufungwa. Kifo kisichoripotiwa hakiwezi kumfundisha mtu yeyote.

Akina baba, neno moja kwenu. Mara nyingi nauli iko mfukoni mwenu, na ruhusa iko mdomoni mwenu. Mwanamume anayesafiri amwachie mkewe vyote viwili kabla ya kuondoka. Mke asisubiri simu ya mume aliye barabarani ili apate ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali.

HITIMISHO

Ndugu zangu, amani haipo mahali ambapo mama mmoja anarudi nyumbani na mtoto na mwenzake anarudi na kanga tupu, kwa tofauti tu ya mtaa anaoishi au fedha aliyonayo. Mtoto wa siku tatu hawezi kuja katika kamati yenu kulalamika. Hana kadi, hana kura, na mara nyingine hana jina. Kwa hiyo kesi yake lazima ishikwe na wengine.

Yule binti niliyewasimulia alipata mimba nyingine. Safari hii mama mmoja wa jumuiya alikwenda kwake siku ya kwanza, ya tatu na ya saba. Siku ya tatu alimkuta mtoto ana joto, akakaa, akahesabu pumzi mara mbili, kisha akapiga simu. Mtoto yule alitibiwa akapona, naye alipokwisha batizwa tulikwenda tena na unga na sabuni. Tulichelewa kufika, kama kawaida yetu. Lakini safari hii tulimkuta.

 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika eneo letu ni akina mama wangapi wajawazito tunaowafahamu kwa majina? Ni akina nani ambao hatuwafahamu, na kwa nini?

2. Wahudumu wa afya ya jamii wa kitongoji au mtaa wetu ni akina nani? Walichaguliwaje? Wanahitaji msaada gani kutoka kwetu?

3. Mtoto akiugua saa saba usiku katika jumuiya yetu, ni hatua gani zitachukuliwa, na nani atazichukua? Tuzitaje moja baada ya nyingine.

4. Nani anatuwakilisha katika kamati ya zahanati au kituo chetu cha afya? Tungependa aulize maswali gani katika kikao kijacho, na atatuletea majibu lini?

5. Ni desturi zipi za uzazi katika koo zetu zinazomlinda mama na mtoto, na zipi zinazowachelewesha? Tutazungumzaje na wazee wetu juu ya hizo za pili bila kuwavunjia heshima?